Jiwe Lisilo na Matundu

Mawe ya kwetu Marangu yana matundu. Mlima uliyatapika yakiwa moto, na ukiokota lolote shambani utaona vishimo vyake. Jiwe la mama halikuwa na hata kimoja. Lilikuwa jeusi, dogo kuliko kichwa cha mbuzi, lakini zito ajabu. Alilikuta tambarare, kwenye shamba letu la mahindi, akalipandisha mlimani kichwani, ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe.

Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikufa kabla ya kubatizwa, na siku zile mtoto wa namna hiyo hakupigiwa kengele wala kuwekewa msalaba. Marehemu baba alimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, kimya kimya. Migomba nayo hutembea. Chipukizi halioti pale pale uliposimama mgomba mama. Basi mama akaweka jiwe lisilofanana na mengine, ili siku yake ikifika azikwe hapo, kando ya mwanawe. Aliniambia mimi tu, kitinda mimba wake, tena nikiwa mtu mzima.

Mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu alikuja kijijini kutazama chemchemi zinazokauka. Alimwamkia mama shikamoo, akakaribishwa ndizi, na alipokuwa akizunguka kihambani akaliona jiwe. Alilisogezea sumaku ndogo aliyoifunga kwenye funguo zake, ikanata. Akasema huenda ni kimondo, akaomba akalichunguze.

"Utalirudisha?" mama aliuliza.

"Nitalirudisha, mama."

Na kweli alilirudisha. Sina ugomvi naye.

Ili mahali pasipotee, mama alipanda isale pale jiwe lilipotoka. Kwetu isale ni mmea wa heshima: jani lake tunaombea msamaha, na shina lake tunalipanda makaburini. Tunalipanda pia kwenye mipaka ya mashamba, na hapo ndipo balaa lilipoingia.

Kaka yangu huongoza wageni mlimani. Alishuka na kukuta isale bichi katikati ya kihamba, naye ndiye mwana wa kiume pekee. Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Kaka hakumngoja. Aling'oa, akamtupia ng'ombe, akalima eneo lote na kupanda miche ya kahawa, kisha akanipigia simu mjini Moshi.

"Kihamba hakigawanywi," alisema. "Mwambie mama. Na wewe una kwako."

Nilidhani amelewa. Nilipoelewa kwamba alidhani mama ananikatia shamba, nilipanda gari nikaenda kumwambia alichong'oa. Nilitaka aumie, na aliumia. Alikaa kwenye ngazi za nyumba, halafu akamshika mama mkono wakazunguka kihambani. Mama alionyesha hapa, akaonyesha kule. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na alama yake haikuwepo tena.

Jiwe lilirudi likiwa limekatwa ubavu. Ndani lilikuwa la kijivu, lenye chembe za mviringo kama punje za ulezi. Chembe hizo, tuliambiwa, ndizo zilizolitambulisha: kimondo cha mawe, aina inayoitwa kondraiti, ya kawaida kabisa. Walikuwa wamepima chuma kilichomo wakaliweka kwenye kundi lake, na kipande kimoja kimebaki huko kwao, ndio utaratibu. Tena limepewa jina, la mahali lilipookotwa. Jiwe limepata jina, dada yetu hakupata. Jambo hilo liliniudhi na linaniudhi mpaka leo.

Mtaalamu alimweleza mama kwa upole kwamba lilitoka angani, na kwamba ni la kale kuliko mlima wenyewe. Mama alipapasa upande uliokatwa.

"Mmejua lilikotoka," alisema. "Mimi nauliza lilipokuwa."

Alikufa masika yaliyofuata. Kaka alikataa mtu yeyote amsaidie kuchimba. Alichagua mahali kwa kubahatisha, akang'oa miche aliyoipanda mwenyewe, na kila koleo la udongo alilimwaga pembeni akalipekua kwa vidole. Waombolezaji walisubiri mvuani. Mchungaji alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama. Kaka alifika kina cha kaburi bila kukuta kitu.

Tulimzika mama humo. Jiwe tumeliweka juu yake, na yule mtoto hatujui tumemwacha wapi.