Dobi Mnunaji Ajichunguza

Mtaa mzima ulimwita Dobi Mnunaji, na haukumwonea. Mtu huyu aliweza kunyoosha kila kitu isipokuwa uso wake. Shati lililokuja limekunjamana kama gome la mti liliondoka laini, naye akabaki na mikunjo yote, kana kwamba anajiwekea akiba ya uzeeni.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, meza ya kupigia pasi ikitazama dirishani. Nyuma kulikuwa na ua wenye bomba, mabeseni na kamba za kuanikia, na huko mkewe ndiye aliyetawala. Alifua, akaanika, akashona uzi wa rangi kwenye kola ili nguo za watu zisichanganyikane: mwekundu wa mwalimu, wa kijani wa fundi bomba. Kuzungumza na wateja nako kulikuwa kazi yake, maana mumewe aliwahudumia kwa kuguna.

Siku moja mke akachoka. Hakupiga kelele. Alikung'uta foronya akasema, kama mtu anayetaja kuwa kuna mawingu, "Mume wangu, mwisho wa mwezi nakwenda kwa binti yetu."

"Kutembea?"

"Kukaa."

"Nimekukosea nini?"

"Ungenikosea ningejua la kusamehe. Wewe huna furaha, na hii yangu kidogo unaitafuna."

Dobi alishtuka. Alimpenda mkewe, ingawa siri hiyo aliitunza vizuri hata mke mwenyewe hakuijua. Akamkimbilia Muuguzi, mteja wao wa siku nyingi aliyekwisha kustaafu, ambaye kila Jumamosi aliwakusanya watu sebuleni kwake wakae kimya na kumwomba Mungu. Ilisemekana wakitoka huko wanakuwa wepesi wa moyo.

"Kila alfajiri kaa peke yako," Muuguzi alimwelekeza. "Mwombe Mungu akuonyeshe ulivyo. Kisha unyamaze."

"Na furaha niifuate lini?"

"Baba, hii si suruali. Sina siku ya kukupangia uje kuichukua."

Dobi aliona huduma hiyo ni mbovu, ila akakubali. Kesho yake aliketi juu ya furushi la mashuka machafu, akafumba macho, akaomba aonyeshwe. Akaonyeshwa! Ufunuo ulimwagika kama bomba limepasuka. Alionyeshwa kwamba mkewe husahau sabuni majini ikayeyuka. Alionyeshwa kwamba mkwe wake, mume wa binti yao, ni mvivu. Hata maringo ya fundi bomba alionyeshwa, na mwendo wake. Kumhusu yeye mwenyewe, Mungu hakuwa na la kusema, nalo Dobi alilipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

"Nimejitafakari," alitangaza wakati wa chai.

"Ehe?"

"Una haraka ya kujibu. Tena huna shukrani."

Mke akaweka kikombe chini. "Huko moyoni mwako ulikochungulia, umenikuta mimi?"

"Wewe na mkwe."

"Makubwa! Kumbe moyo umeupangisha. Wewe mwenyewe unaishi wapi?"

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa nyani aliyepewa kioo akakitumia kuwamulika wenzake. Kila asubuhi alitoka kwenye furushi na hukumu mpya. Wateja aliokuwa akiwagunia sasa aliwahubiria, nao wakaanza kuukumbuka mguno kwa hamu. Jumamosi alimweleza Muuguzi kwamba maendeleo ni mazuri.

"Wewe ukitaka kupiga pasi mishono ya shati unaligeuza ndani nje," Muuguzi alisema taratibu, akijaribu mfano. "Je, unageuza lako au la jirani?"

"La jirani. Mimi ni dobi."

Muuguzi alifunga kipindi mapema.

Mwezi ukawa ukingoni. Mkoba wa mke ukashushwa kutoka juu ya kabati ukaachwa wazi kitandani. Asubuhi hiyo Dobi alikuwa juu ya furushi lake aliposikia mkewe akicheka uani. Kilikuwa kicheko kizima, cha kushika mbavu. Fundi bomba alikuwa amepitia mashati yake na sasa alikuwa akisimulia kisa cha ngazi iliyomtelezesha kwenye pipa la maji.

Dobi akainuka kuchungulia. Alipotokeza tu mlangoni, kicheko kikakatika. Fundi bomba akatazama viatu vyake. Mke akainamia beseni.

Dobi akarudi kwenye furushi na kesi mpya. "Nionyeshe wananificha nini," akaomba. Kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa kuendelea nao, akanyamaza. Alikuwa amelisahau sharti hilo kwa wiki nzima.

Kimya hakikumletea mkewe wala fundi bomba. Kilimletea binti yao akiwa mdogo, akicheka sakafuni na kuzima aliposikia hatua za baba. Kilimletea wateja, shemeji, majirani. Popote kicheko kilipokufa, mtu mmoja alikuwa amesimama mlangoni, na mtu huyo alimfahamu. Kibaya zaidi, alikumbuka kwamba kila kilipokufa alifarijika kidogo, kama aliyefunga dirisha upepo usimpige.

Hakuna malaika aliyeimba. Akaenda uani, fundi bomba akiwa ameshaondoka.

"Nimejitafakari," alisema.

"Haya, nina kosa gani leo?"

"Huna."

Mke akanyoosha mkono uliolowa akamgusa paji la uso. "Una homa?"

"Nikiingia, watu huacha kucheka. Najua. Tena kuna mahali ndani yangu panapofurahi wanapoacha. Ni pabaya, mke wangu. Leo ndiyo nimepaona."

Mke akaanza kucheka, mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Dobi alisimama palepale. Hakuuliza kinachochekesha ni nini.

"Kwenda nitakwenda," mke alisema akijifuta. "Wajukuu nimeshawaahidi. Kurudi ndiko nilikuwa sijaamua."

"Na sasa?"

"Sasa shika huo upande wa shuka tulikunje."

Akashika.

"Unavuta mshazari."

Dobi alifungua kinywa. Alikuwa na jibu zuri sana, lenye hoja na mifano. Akalimeza, likapita kooni kama kidonge kisicho na maji, akasogeza mkono pale alipoambiwa.