Magunia Yalishuka, Wagoni Ikapanda Tupu

Batu banasema wagoni zetu za mulimani zilikufa juu ya kukosa mashine. Uongo. Mashine iliungua mbele mi sijaolewa, na wagoni ziliendelea kutembea.

Zilikuwa mbili, zimefungwa ku kamba moja ya chuma iliyozunguka gurudumu kule juu. Moja ikishuka, ingine inapanda. Kambi yetu ya batumikaji wa mine, machimbo ya madini, ilikuwa chini. Lopitali ilikuwa juu, karibu na soko na nyumba za bakubwa wa mine. Mashine ilipoungua, tulijifunza kupandishana. Mwenye mugonjwa anagonga kipande cha reli kilichotundikwa chini. Batu wenye kuwa juu banaacha yote, banaingia mu wagoni ya juu, banakuwa uzito wa kumupandisha. Wakati wa mimba ya kwanza nilishuka hivyo mara nyingi. Ba mama balinicheka: “Weye leo ni gunia mbili!”

Ile mimba ikawa mutoto. Alikuwa bado hajatembea siku homa ilimushika mpaka macho yakageuka. Siku ile mugeni mukubwa alitoka Kinshasa, na ba mama wote balipelekwa uwanjani, nyuma ya kambi, kumuchezea ngoma. Niligonga reli mpaka mukono ukauma. Juu alikuwa tata wa freni, muzee mwenye kushika breki ya kamba, peke yake, na wagoni imejaa magunia ya unga kwa karamu ya mugeni.

Tulisemeshana mu bomba la chuma lenye kupitisha sauti juu na chini, kama kawaida.

“Tata, achia freni! Ile magunia ni uzito wa kutosha!”

“Mama, ni bitu ya bakubwa. Sinyature bado.”

“Mutoto anakufa!”

“Ngojea kidogo, mama. Shefu akisaini tu, nashusha. Mi pia niko na batoto.”

Ngojea. Nilimufunga mutoto mugongoni, nikashika ngazi za pembeni ya reli, zenye mvua ilibomoa nusu. Nilifika katikati, pale wagoni zinapishana, nikasikia kamba inalia. Shefu alikuwa amesaini. Magunia yalinipita yakishuka. Na ile wagoni ya chini ikanipita ikipanda, kiti kitupu, kile tungekikalia kama ningengojea. Nilipiga kelele. Freni ya zamani vile, na mizigo mizito, haiwezi tena kusimamisha wagoni katikati.

Lopitalini infirmier, muuguzi, alimugusa mutoto shingo, akasema, “Mama, ungefika mbele kidogo, tungemuokoa.”

Nilimutemea mate ku viatu. Sijuti.

Kule chini balipika ule unga. Bwana wangu alikula pamoja nabo; hakuna mutu alikuwa amemuambia.

Mpaka siku kamba ilikatwa ikabebwa, wagoni zikafa, nikiwa juu nikisikia reli inalia, nilikimbia kukaa mu wagoni, hata ndizi zangu zibaki sokoni. Tata wa freni alikuwa anasema, “Aksanti, mama.” Nilimugeuzia mugongo kila mara.

Sasa niko na mutoto wa pili mugongoni, na kumebaki ngazi tu. Akipata joto kidogo, kidogo tu, napanda. Batu bananiambia ninaogopa bure, ningojee asubui. Mi singojei tena mutu.