Rungu Juu ya Deraya

Wiki iliyopita mashine ya kupukuchua mahindi iliingia kwa jirani hapa Yamumbi, ikivutwa na trekta, na kabla chai yangu haijapoa magunia yote yalikuwa yameshonwa. Nilisimama dirishani nikitazama vumbi, nikingoja kuhisi kitu. Tangu nimalize chuo na kurudi nyumbani, nahisi kidogo na kuwaza sana. Nilichowaza siku hiyo ni vita vyetu vya mchezoni, utotoni.

Labda hukuwahi kucheza mchezo wa aina ile, basi nikueleze. Mjomba alituletea kitabu cha mitumba kilichochanika nusu. Kila mchezaji anajitungia shujaa wa enzi za ngome na farasi, mwenzao mmoja anasimulia yanayowakuta, na dadu inaamua nani amepigwa. Kurasa za silaha hazikuwepo, kwa hivyo sheria hizo nilizitunga mimi. Nilikuwa mtoto wa kukosa usingizi nikijiuliza mkuki mrefu una faida gani ndani ya nyumba ndogo.

Tulikuwa watatu. Mimi nilisimulia, wakacheza kaka yangu na msichana wa jirani, ambaye alikuja na mursik, maziwa ya mgando, kwenye chupa ya soda na hakutugawia kabla hajashinda mara moja. Tuliketi verandani kando ya turubai la mahindi, kazi yetu rasmi ikiwa kufukuza kuku.

Desemba ile mashujaa wao waligombea ngome moja. Kaka alimvika wake deraya, vazi la chuma kutoka kichwani hadi miguuni, na upanga wa msichana haukupenya. Niliipunguzia deraya nguvu, bado shujaa wa kaka hakufa. Nikasema aliyevaa chuma hawezi kukimbia. Kaka akauliza akimbie nini. Nikauongezea mkuki nguvu, nao ukawa mkali mno, kila mtu akautaka, nikaufuta. Mwishowe msichana akaweka dadu chini.

"Huyu wako si mtu, ni tangi la maji," akamwambia kaka. "Kesho sikuji."

"Usikuje basi. Tangi litalinda ngome."

Alikwenda na chupa yake. Bila yeye hakukuwa na mchezo, na Januari kaka alikuwa anaenda shule ya bweni. Nilijua likizo nyingine kama ile haitakuwepo.

Asubuhi shosho, bibi yetu, alituita kupiga mahindi. Siku hizo ulijaza gunia mahindi makavu, ukalifunga mdomo, ukalipiga kwa rungu hadi punje zitoke. Harufu yake ilikuwa ya vumbi tamu, ikakaa puani mpaka jioni. Kaka, kwa uvivu, alijaribu kulipiga kwa panga. Shosho akamnyang'anya na kusema lile alilosema kila mwaka:

"Gunia halikatwi. Lipige. Litabaki zima, na ndani kila kitu kitakuwa kimeachana."

Nililifungua gunia langu. Nje halikuwa na mkwaruzo, ndani punje zilikuwa zimetoka zote kwenye magunzi. Nikamwonyesha kaka. Aliingiza mkono, akazitazama punje kiganjani kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Sawa," akasema. "Rungu halijali deraya. Nenda umwite."

Nilimwita msichana kupitia kwenye ua wa miti, nikamweleza sheria mpya. Akauliza kama kaka ameikubali kwa hiari au amechapwa. Alikuja akauacha upanga, akashika rungu, na shujaa wa kaka akafia ndani ya chuma kisichopasuka. Kaka alicheka hadi akakohoa. Tulipewa mursik.

Shosho hayupo tena. Veranda imewekwa vigae. Kaka yuko nje ya nchi, na nikimpigia tunaongea kuhusu hali ya hewa. Msichana ameolewa Ainabkoi. Nimejaribu kuhuzunika juu ya haya yote kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na sijafanikiwa.

Nakumbuka tu siku iliyofuata baada ya kaka kupelekwa shuleni. Sikumtarajia mtu, kwa sababu wawili hatukutosha kucheza, na msichana alilijua hilo. Alikuja hata hivyo, saa zile zile, akaketi mahali pake. Jioni mama yake alipomwita, alisema anakuja, akabaki ameketi.