Starehe ya Unguja

Sipendi kusikia watu wakiisifu Unguja. Nilifika huko mara moja tu, enzi za Mjerumani, nikiwa msichana sijaolewa bado, na nilistareheshwa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kwetu ni mlimani, juu ya Bigwa, Morogoro. Kaka yangu alikuwa amekimbia kazi ya lazima katika shamba la mkonge la Mjerumani mmoja, baada ya akida kumchapa kiboko mbele ya watu. Miaka ikapita kimya. Kisha mchuuzi mmoja akatuambia amemwona Unguja, anapika katika nyumba ya bibi wa Kiarabu. Wakati huo akida yule alikuwa ameshahamishwa, na hakuna aliyemtafuta kaka tena. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akamwambia mjomba, "Niletee mwanangu nimwone kabla sijapofuka." Kwetu Waluguru neno la ukoo liko kwa mjomba, naye akakubali. Mimi nikaongozana naye, kwa sababu kaka alikuwa mkaidi, na mtu pekee aliyemweza ni mimi.

Gari moshi lilikuwa halijafika Mikese nimeshatapika. Melini nilitapika zaidi. Basi tulipobisha hodi kwenye ile nyumba ya ghorofa nilikuwa nanuka, na nilitegemea kuzungushwa mlango wa nyuma.

Bibi alishuka ngazi mwenyewe. Tukamwamkia shikamoo, mjomba akaeleza sisi ni nani na tumemfuata nani. Bibi akanishika mkono. "Mmechoka, wanangu. Kaogeni kwanza."

Nikauliza kaka yuko wapi.

"Yuko shamba, kwenye mikarafuu. Kesho tutakwenda."

Nikaogeshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa marashi, nikavikwa kanga mpya, nikafukizwa udi hadi nywele. Nikaletewa sharubati yenye vipande vya barafu, kitu ambacho sikuwahi kukiona; nilikitema kiganjani nikidhani kimeniunguza, watumishi wakacheka, nami nikacheka. Ikaja pilau, ikaja halua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nikajiambia. Kaka amechapa kazi mpaka ndugu zake wanapokewa kifalme.

Mjomba alimega tonge moja, akanawa.

"Kula, mjomba," nikamtania. "Au unaona haya kula jasho la mpwa wako?"

"Kula wewe, mwanangu," akasema, na hakuniangalia.

Yeye alikuwa ameshajua. Kwetu pia msafiri haambiwi msiba kabla hajala na kulala. Mimi mwenyewe nimewahi kuwakorogea wageni uji huku najua kinachowangoja. Lakini kwetu ni uji tu, na wazee huingia mmoja mmoja, wakakaa chini na kukohoa, hata mtoto akaelewa. Nani angejua kwamba kuna mahali msiba unanukia marashi? Nikalala juu ya godoro la sufi, ndani ya chandarua cheupe, nikipanga jinsi nitakavyomcheka kaka kwa kunenepa.

Asubuhi, baada ya chai, bibi alituambia. Homa ilimchukua kabla ya masika. Tulipelekwa shambani, tukaonyeshwa kaburi, limejengewa vizuri. Nililia mpaka sauti ikakauka, na bado mwili wangu ulikuwa unanukia udi. Niliuchukia.

Kabla hatujaondoka nyumbani kwa bibi nikaomba kuona kaka alipokuwa akilala. Ilikuwa stoo ya kuni, na mkeka umeegemezwa ukutani. Bibi alisema alimpa chumba, akakataa. Kaka alisema yeye ni mpita njia. Kila mtu aliyetoka bara, kaka alimuuliza kama akida yule bado yuko Morogoro. Hakupata aliyejua.

Mama tulimwambia baada ya kula, kama ilivyo desturi. Akalia, tukaanua matanga, na siku moja akaniuliza nyumba ile ilikuwaje. Alikuwa haoni tena vizuri, nami nilitaka kumpa chochote cha kumtuliza. Nikamweleza nilivyopokewa: maji ya moto, barafu, halua, godoro. Alisikiliza kwa makini, mikono mapajani.

"Kumbe ndiyo maana hakurudi," akasema.

Nikashtuka. Nikamwambia hapana, mama, vitu vile walinipa mimi. Yeye alilala kwenye mkeka, kati ya kuni, na kila siku alikuwa akiulizia njia ya kurudi kwako. Nikaapa. Nikamwita mjomba naye akaapa.

"Msinidanganye kwa kunihurumia," mama akasema. "Alistarehe, akatusahau."

Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake. Aliishi miaka mingine mingi, na hakumtaja tena.