Mzee Mwakani Atia Saini

Mhasibu wa kiwanda cha magodoro alikuwa amemdharau bosi wake kwa miaka kumi na mmoja, na alifanya hivyo kwa adabu zote, shikamoo ikiwemo.

Wafanyakazi walimwita bosi huyo Mzee Mwakani. Kila mwisho wa mwaka alipanda juu ya rundo la magodoro akatangaza bonasi huku machozi yakimlengalenga. Baada ya miezi miwili alisema hali ngumu, labda mwakani. Hata hivyo, bonasi hiyo hiyo alitaka iandikwe kuwa gharama, ili kodi ipungue. Kila mwaka mhasibu alikataa.

Mwaka ule faida ilikuwa nono, na bosi akaja na kijasho chembamba.

"Dada yangu, nisaidie. Ile bonasi iingize."

"Mzee, haiingii mpaka kampuni iwe imejifunga kuilipa kabla mwaka haujaisha, na kiasi kijulikane. Ukijiachia mlango wa kughairi, hayo ni maneno tu, si gharama."

"Basi tujifunge. Tunajifungaje?"

Mhasibu akamtazama. Kumbe hata kuuliza hakuwahi!

Akaandika azimio la wakurugenzi: jina la kila mfanyakazi, kiasi chake, tarehe ya kulipwa, hakuna kughairi. Wakurugenzi walikuwa bosi, mkewe, na shemeji mmoja ambaye angetia saini hata hati ya kujifukuza mwenyewe. Bosi alisaini kwa mbwembwe bila kusoma. Macho yalikuwa kwenye kodi itakayopungua. Jioni ile ile, siku tatu kabla ya mwaka kuisha, mhasibu akagawa nakala kwa wafanyakazi wote themanini na wanne.

Mwezi wa pili bosi akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Ile bonasi tuisogeze mbele kidogo."

"Haisogei, Mzee. Ulisaini."

"Karatasi si hupotea?"

"Yangu naweza kuipoteza. Themanini na nne wanazo wao. Mama anayeshona foronya kaifunga kwa plastiki. Usipolipa watakushtaki, na mimi nitairudisha bonasi kwenye faida. Utalipa kodi yake, na faini juu."

Bosi akachukua simu. Akampigia mkewe. Sauti ya mama ikasikika hadi kwenye kiti cha mhasibu: "Walipe watu, baba watoto! Unanitia aibu."

Akalipa. Siku ya malipo alipanda tena juu ya magodoro, akahutubia kuhusu moyo wake mkunjufu unavyomponza, na watu wakampigia makofi. Mshona foronya akamgusa mhasibu kiwiko.

"Mwenzetu, mbona hupigi?"

"Nampigia nani, mama? Hiyo hela mmeifanyia kazi."

Mwezi uliofuata mhasibu aliandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Bosi aliisoma yote, mara mbili, kabla ya kuisaini.