Kiza cha Soko la Mutrah

Juzi, ndani ya soko la Mutrah, kule Maskati, bibi mmoja aliyezaliwa Unguja alisimama kwenye duka la ubani, akaitazama dari ya mbao yenye nakshi.

"Zima taa, mwanangu. Nnataka kiza kidogo."

"Kiza cha nini, bibi?" aliuliza mwenye duka, naye mwenye asili ya Unguja.

"Zamani paa lilikuwa makuti na udongo, hata mchana hatuonani. Marehemu mume wangu hapa ndipo alipokuwa akinishika mkono. Nje akiona haya."

Mwenye duka akazima. Bibi akanyoosha mkono kizani, vidole wazi.

"Haya, washa," alisema hatimaye, akijifuta macho kwa mtandio.

Dari mpya ni nzuri, sikatai. Ila walipozitundika taa zote zile, hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu angekililia kiza.