Mstari Mmoja, Mabinti Wawili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu za mwaka wa kwanza Tarime zilikuwa za makaratasi. Nilihamishwa kutoka Mbalibali, kule Serengeti, nikapelekwa shule moja ya kata huku Tarime vijijini. Mitihani ilipoisha nikakuta walimu wote wamejifungia ofisini wanajumlisha alama kwa kikokotoo, watu wazima na shahada zao, wanabishana nani awe wa kumi na nani wa kumi na moja, na madarasani hakuna mwalimu hata mmoja. Wiki nzima! Nikasema hapana, mimi hii siiwezi. Shule ilikuwa na kompyuta nne na sola ya kuziwasha, zimefunikwa vitambaa kama maiti. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba kuanzia mtihani unaofuata, matokeo yatatoka kwenye kompyuta.

"Madam, utaweza?"

"Nitaweza, mkuu."

Kwenye kikao cha wazazi nikajipiga kifua. "Wazazi wangu," nikasema, "mwalimu anachoka, mwalimu anaweza kupendelea. Kompyuta haichoki, haipendelei, haikosei." Wakanipigia makofi. Nikikumbuka makofi yale mpaka leo naona haya.

Kosa nililifanya siku niliyounganisha kidato cha tatu, mkondo A na mkondo B, kuwa orodha moja. Nilikuta jina la msichana limejirudia: lake, la baba, la babu, yote matatu sawasawa. Nikacheka. Nikasema hawa walionitangulia walikuwa wanaandika wamelala. Nikafuta mstari mmoja, sikumwuliza mtu. Mgeni mimi, nilikuwa sijui kwamba katika mji wa mzee mwenye wake wawili, kila mama anaweza kumpa binti yake jina la bibi yule yule mzaa baba, na pale nyumbani hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kila mtoto anajulikana kwa nyumba ya mama yake.

Walimu wakajaza alama. Wa mkondo A aliliona jina, akajaza somo lake. Wa mkondo B naye aliliona, akajaza la kwake; penye alama mbili, ya mwisho kuingia ndiyo iliyobaki. Orodha ikatoka safi, ikapigwa nakala, ikaenda kwa wazazi.

Wiki iliyofuata msichana mmoja wa mkondo B hakuonekana shuleni. Siku ya nne dada yake wa mkondo A akaja ofisini, akasimama mlangoni anavuta vuta mkono wa sweta.

"Madam, baba amesema dada asirudi tena. Kwenye karatasi ya kompyuta jina letu limo mara moja tu, na baba amesema hilo ni langu. Anasema kumbe kila siku alikuwa anaishia njiani."

"Na wewe?"

"Mimi nipo. Nimepata wastani wa sitini na moja." Akasogea mezani. "Lakini madam, Hisabati mimi nilipata thelathini na mbili. Kwenye karatasi ni sabini na nne. Hiyo ni ya dada."

Angeweza kukaa kimya na sitini na moja yake. Nikafungua kompyuta, nikautazama ule mstari niliobakiza.

Mwalimu mwenzangu wa meza ya pili hakungoja hata nimalize kueleza. "Si tulikuambia? Turudi kwenye makaratasi yetu."

Nikamkata jicho. "Haturudi! Aliyekosea ni mimi."

Mkuu akapendekeza tuchape orodha mpya, dada mtu aipeleke nyumbani. Nikakataa. Yule mzee aliiamini karatasi ya kompyuta kwa sababu ya maneno yangu. Karatasi ya pili ingemwambia nini? Nikafunga kwa kamba karatasi za mtihani za wasichana wote wawili, nikachukua madaftari ya mahudhurio ya mikondo yote miwili, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta mzee anatengeneza lango la zizi. Binti mwenyewe alikuwa mlangoni kwa mama yake anapepeta ulezi. Aliponiona aliacha, kisha akaendelea haraka haraka bila kuinua uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Akaingia ndani, akatoka na ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri. "Wewe mwenyewe ulisema haikosei."

"Nilisema, mzee. Na si kweli. Inaandika kile ninachoiandikisha."

Nikamfungulia mahudhurio. Nikamwonyesha tiki za kila siku, kwa mkono wa mwalimu wa darasa. Siku tatu tu hazikuwa na tiki.

"Siku hizo mama yake alikuwa anaumwa," alisema taratibu. Akazishika zile karatasi za mtihani moja moja, akatazama mwandiko. "Sasa huyu wa sitini na moja ni yupi kati yao?"

"Hayupo, mzee. Nimemtengeneza mimi. Hisabati ni ya huyu, Historia ni ya yule."

"Loo! Na kuku nimemchinjia!" Akacheka, nami nikacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe wapi. Kicheko kikamkauka ghafla. "Mwalimu, maneno yako uliyasema mbele ya watu wote. Leo unakuja kuyafuta hapa zizini, mimi na wewe. Huko nje binti yangu anaitwa mtoro. Nikimrudisha hivi hivi, watasema ninamficha."

Alikuwa na haki. Nikamwomba aje kwenye kikao kingine cha wazazi, yeye na mama wa wasichana wote wawili.

Siku mbili nilikaa na orodha ile. Niliongeza safu ya jina la mama, nikaipeleka darasani, kila mwanafunzi akaja kuhakiki mstari wake kwa macho yake kabla sijachapa, na mpaka sasa hakuna orodha inayotoka shuleni kwetu bila hivyo. Mkuu aliniambia nitaiaibisha shule. Nikamwambia aibu ni yangu, aniachie niibebe.

Kikaoni sikuzunguka. Nilisema nilijidai, nikafuta mtoto ambaye hakukosa kitu, na kama kuna aliyemwita mtoro, amwombe radhi kama ninavyomwomba mimi.

Mzee akasimama. "Soma upya," alisema.

Nikasoma jina, na jina la mama wa kwanza: wastani hamsini na mbili. Nikasoma jina lile lile, na jina la mama wa pili: wastani sitini na sita.

Kwenye mabenchi ya nyuma, walipokaa kina mama, ambao kwenye vikao vyetu huja, husikiliza na kuondoka, mwanamke mmoja akainuka. Alijifunga kanga upya, na watu wote wakageuka.

"Huyo ni wangu," alisema. "Kesho asubuhi utamwona."